Bulo ya gurudumu haijui nguvu ya mkono wako

Saa kumi na moja ya jioni ilikuwa imeshapita. Tulikuwa tunarudi Butembo toka upande wa Manguredjipa, watu saba ndani ya Noah moja, na nyuma kulikuwa motopompu iliyokufa ambayo wenyewe walikuwa wanaipeleka kwa fundi. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, likapasuka. Ni kitu cha kawaida. Dereva akatoa kriki, akatoa kle ya msalaba, akasema: « Dakika kumi tu, tunaenda. »

Ilichukua saa moja na nusu. Bulo ya kwanza ilikataa. Kijana mmoja mchimbaji, mwenye mikono ya kuvunja mawe kila siku, akavuta, ikakataa. Akapanda juu ya kle na miguu miwili. Tukasikia mlio, tukafurahi, kumbe ni kle iliyoteleza na kula pembe za bulo. Mwishowe tatu zilifunguka. Mbili zilikatika pamoja na gujo zake. Ile njia munaijua, na munajua sababu gani hakuna mtu anayependa kusimama pale giza likianza kuingia. Watu hawakuwa wanaongea tena. Mama mmoja alikuwa anatazama miti tu.

Tulifika mjini polepole, gurudumu limeshikwa na bulo tatu badala ya tano. Kesho yake dereva alinielezea. Siku nne mbele ya safari, gari ilikuwa imepita kwa garaji moja kubadilisha plaketi za freni. « Yule kijana alinikazia na bomba ya meta moja. Akaniambia: papa, hii hata shetani hataifungua. » Na dereva alifurahi, akamwachia pesa ya soda.

Tangu siku ile ninauliza watu wa hapa Mususa, wenye gari nyumbani na wenye pikipiki: bulo zako, umezikaza kiasi gani? Jibu ni moja tu: « Sana. » Sana ni ngapi?

Hata dhahabu inapimwa

Mchimbaji anajua swali hili kuliko mtu mwingine. Ukitoka shimoni na dhahabu yako, huwezi kukubali mnunuzi aishike mkononi, aitikisetikise, kisha akuambie « iko kama tola moja ». Tola ni gramu 11,66, na utasimama juu ya ile mizani na macho mawili mpaka sindano itulie. Wengine wamegombana na mnunuzi sababu ya uzito wa kijiti cha kiberiti. Lakini mtu yule yule, jioni, anampa kijana gari lenye bibi yake na watoto wake, na anakubali bulo zikazwe kwa kipimo cha « sana ».

Kipimo kiko. Kinaitwa newton-meta, kifupi Nm. Maana yake ni nguvu unayovuta nayo, mara urefu wa chuma unachovutia. Kwa hiyo bomba refu linabadilisha kila kitu. Chukua mtu anayevuta na nguvu ya kilo 21 kwenye chuma cha nusu meta: hiyo ni Nm 103. Mtu huyo huyo, bila kuongeza jasho hata kidogo, akishika mwisho wa bomba la meta moja, inakuwa Nm 206. Mkono wake haukusikia tofauti. Bulo ndiyo ilisikia.

Sasa kwa Toyota Corolla, kwa Probox, kwa Noah, kiwanda kinaomba Nm 103 kwa kila bulo ya gurudumu. Ni hayo tu. Yule kijana wa garaji aliweka mara mbili yake, pengine zaidi, na alifikiri anatufanyia mema.

Inafaa kuelewa bulo inafanya nini. Wengi wanaifikiria kama msumari, kwamba kazi yake ni kuzuia tu. Hapana. Bulo ni kama mpira wa manati. Unapoikaza, chuma chake kinanyooka kidogo sana, jicho haliwezi kuona, na kwa sababu kinataka kurudi, kinabana janti kwenye gari. Ni ule mbano unaoshika gurudumu. Ukikaza kidogo, mbano hautoshi: janti inachezacheza, matundu yanaliwa, siku moja gujo zinakatika moja nyuma ya ingine. Ukikaza kupita kiasi, chuma kinanyooka mpaka hakirudi tena, kama manati iliyovutwa sana. Hapo bulo inaonekana ngumu, lakini imeshakufa ndani. Itakatika siku utakayotaka kuifungua, ao siku ya shimo kubwa barabarani. Na diski ya freni nayo inaweza kupinda; ndiyo sababu usukani unatetemeka ukikanyaga freni, na mtu anaanza kubadilisha vitu ambavyo havina kosa.

Kle inayosema « basta »

Chombo cha kupima hiyo nguvu ni kle dinamometrike. Garaji kubwa ziko nayo, ijapokuwa mara nyingi iko ndani ya sanduku, safi kama siku ilipotoka Dubai. Haikuzaliwa kwenye gari za mashindano. Mmoja kati ya wale wanaotajwa kuwa waliianzisha ni Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya mji wa New York. Shida yake ilikuwa bulo za mabomba ya maji na ya mvuke chini ya udongo, ambazo wafanyakazi walikuwa wanakaza mpaka zinakatika. Mwaka 1935 aliomba hati ya uvumbuzi pamoja na George Pfefferle. Mtu wa chini ya udongo, kama ninyi.

Leo hapa Butembo unaweza kuipata kwa wafanyabiashara wanaoleta vyombo toka Dubai na China, ao wanaopitishia Kasindi toka Uganda. Aina ziko tatu.

Ya kwanza ni ya sindano: fimbo ya chuma inayopinda unapovuta, na sindano inaonyesha namba kwenye kibao. Watu wanaidharau sababu inaonekana ya zamani. Mimi ninaipenda. Haina springi, haina betri, vumbi la kariere haliifanyi kitu. Kabla ya kazi unaangalia kama sindano iko juu ya sifuri. Kama haiko, unaipindisha kidogo mpaka irudi. Shida yake ni moja: lazima jicho liwe mbele ya kibao sawasawa, na chini ya gari hilo si rahisi.

Ya pili ni ile ya mlio. Unazungusha mkono wake mpaka namba unayotaka, unavuta, na ikifika inalia « klak » na mkono unasikia inaachia kidogo. Ndiyo inayouzwa sana, na kwa magurudumu ndiyo rahisi. Lakini ndani yake muko springi, na springi inachoka. Ile nzuri inaruhusiwa kukosea asilimia 4 tu. Kisha mwaka mmoja ao mara 5000 za kuitumia, inafaa kupimwa upya.

Ya tatu iko na betri na kioo cha namba. Kwa mtu wa nyumbani anayepeleka vyombo shimoni, kwenye maji na matope, iachie wengine.

Mbele ya kulipa, angalia vitu hivi. Kwanza, namba zake zinaanzia wapi na kuishia wapi. Hakuna kle moja ya kufanya kazi zote, hata muuzaji akiapa. Kwa magurudumu ya gari ndogo, tafuta yenye kichwa cha nusu inchi, inayotoka karibu 40 mpaka 200 ao 210. Kwa buji, kwa bulo ya kumwagia mafuta, kwa vichwa vya moteri ndogo, unahitaji ingine, ndogo, yenye kichwa cha robo inchi ao cha inchi 3/8. Kle nyingi zinasema uongo zikitumiwa chini kabisa ya kipimo chao, kwa hiyo usilazimishe kle ya 210 kukaza kitu cha 20.

Pili, na hapa watu wengi wanaanguka: soma herufi zilizo kando ya namba. Nyingine zinapima na pauni na futi, njia ya Wamarekani. Nyingine na kilo na meta, njia ya zamani ya Wajapani. Nm 103 ni sawa na 76 ya Wamarekani, na 10,5 ya kilo-meta. Mtu akiweka 103 kwenye upande wa Wamarekani, ataweka Nm 140, na ataamini amefanya vizuri kabisa sababu kle ililia.

Jaribio la bido ya maji

Muuzaji anasema ni nzuri. Ndiyo kazi yake. Weye utajuaje? Hapa Mususa nyumba yote iko na bido ya njano ya litre 20. Ijaze maji, uipeleke kwenye mizani ya duka, uongeze ao upunguze maji mpaka ifike kilo 21 pamoja na bido yenyewe.

Funga kichwa cha pembe nne cha kle ndani ya eto, kile chuma cha kufinya kilicho kwenye meza ya fundi, ili kle ilale sawasawa kama sakafu. Pima sentimeta 40 toka katikati ya kile kichwa kuelekea mkono wa kushikia. Kwa kle nyingi za nusu inchi ni hapo hapo katikati ya mkono. Fungia bido hapo na kamba, uishushe polepole bila kuiangusha. Kilo 21 kwa sentimeta 40 ni Nm 82, na uzito wa kle yenyewe unaongeza kidogo. Kwa hiyo kle ikiwekwa kwenye 80, inapaswa kulia. Ikiwekwa kwenye 90, isilie. Kama inalia kwenye 90 na hata kwenye 100, irudishe kwa muuzaji ungali na karatasi ya kununua. Kama hailii hata kwenye 70, hiyo ndiyo mbaya kabisa: itakufanya ukaze, ukaze, ukingoja mlio ambao hauji.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Nilivunja bulo moja ya jirani nikiwa nangoja « klak ». Nililipa.

Kama hakuna pesa ya kle

Tusijidanganye. Kuna mwezi shimo linatoa, na kuna mwezi PDG wa shimo mwenyewe anakopa unga. Lakini wale wanaouza kahawa ao nyama wako na mizani ya ndoano, ile ya kutundika. Chukua chuma cha kufungulia bulo, weka alama sentimeta 50 toka katikati ya bulo. Tia ndoano pale kwenye alama, uvute mizani ikiwa imesimama wima mbele ya chuma, kama pembe ya dirisha, mpaka isome kilo 21. Hiyo ni Nm 103. Si kazi ya maonyesho, lakini inapita mbali « sana » ya garaji. Na inakupa kitu kingine: baada ya kuifanya mara kumi mkono wako unaanza kujua 103 ni nini, na utashangaa ni kidogo namna gani.

Na hapo ndipo faida yake ya barabarani. Bulo iliyokazwa na Nm 103, mama anaweza kuifungua mwenyewe akiwa na chuma cha nusu meta: anaweka mguu, anasukuma na uzito wake, inaachia. Hakuna haja ya kungoja wanaume wanne. Kwenye njia zetu, dakika kumi na saa moja na nusu si kitu kimoja.

Siku ya kukaza

Anza na burashi. Sehemu ambamo janti inagusana na gari iwe safi, bila matope, bila kutu ya magamba, bila rangi nene. Matope yaliyobanwa mule yataondoka kwenye kilometa za kwanza, na bulo itakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Meno ya bulo nayo yapigwe burashi, yabaki makavu. Ninajua wazee wengi wanatia grisi ili « isikamate kutu ». Shida ni kwamba grisi inafanya bulo iteleze, na kwa Nm 103 ileile chuma kinanyooka zaidi kuliko kiwanda kilivyotaka. Namba ya kiwanda ni ya meno makavu.

Anzisha kila bulo na vidole. Ikikataa vidole, usiilazimishe na kle, iko ya pinde. Kaza kidogo na kle ya msalaba gari ikiwa juu, kisha ushushe kriki mpaka gurudumu liguse udongo lisizunguke. Sasa chukua kle dinamometrike. Usiende mduara. Ruka: kama bulo ziko tano, fuata mchoro wa nyota, moja, kisha ile ya ng'ambo. Vuta polepole, mkono katikati ya mpini, bila kuruka, bila kurusha. Ikilia, acha. Kuna watu wanaopenda kuiliza mara mbili, mara tatu, « kwa usalama ». Kila mlio wa ziada ni kidogo cha ziada juu ya bulo.

Usiongeze bomba kwenye kle hii. Itakupa namba ya uongo. Usiitumie kufungua bulo iliyoshikana. Kazi hiyo ni ya chuma cha kawaida. Ikianguka kwenye saruji, ipime tena na bido. Ukimaliza, rudisha mkono wake kwenye namba yake ndogo kabisa, isipite chini ya hapo, ili springi ilale.

Kisha tembea na upige tena kisha kilometa 50 mpaka 100. Kwa sisi hesabu ni rahisi: Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Ukifika Beni, mbele ya kunywa chai, toa kle na uzungukie magurudumu.

Kwa Land Cruiser zile ngumu zenye janti za chuma, namba inapita 200. Usichukue namba ya Noah uipeleke kule. Na Fuso si kazi ya nyumbani. Nyingine za zamani, bulo za upande wa kushoto zinafungukia upande mwingine, na nimeona watu wakizikaza kwa nguvu zote wakiamini wanazifungua.

Moteri za shimoni

Hapa ndipo vyombo vinakufa sana, na hakuna anayesema ni sababu ya mkono. Motopompu na mashine za kusaga mawe, nyingi ziko na moteri ndogo za namna ya Honda GX200, ao zile za China zinazoiiga. Kichwa chake ni cha aluminiumu. Aluminiumu ni laini, na bulo ya chuma ikikazwa kupita kiasi inakula meno yake; siku hiyo hutabadilisha bulo, utabadilisha moteri. Kwa GX200 bulo nne za kichwa zinaomba Nm 24, kwa kuruka toka pembe moja kwenda pembe ya ng'ambo, hatua kwa hatua. Nm 24 ni nguvu ya kilo 12 kwenye kle ya sentimeta 20. Mtoto wa shule anaweza.

Buji haiombi hata kle ya kupima. Izungushe na vidole mpaka ikae. Kisha, kama ni mpya, ongeza nusu ya mzunguko. Kama ni ile ile uliyoitoa na kuisafisha, ongeza sehemu moja ya nane mpaka robo tu. Bulo ya kumwagia mafuta ya Corolla ni Nm 37, na ndiyo ninayoiona imekatwa meno mara nyingi kuliko zote, sababu kila anayebadilisha mafuta anaongeza kidogo cha kwake.

Kuna kazi moja ambayo kle peke yake haimalizi. Kichwa cha moteri 3S, ile ya Noah za zamani, kinakazwa na Nm 49, kisha kila bulo inaongezewa robo ya mzunguko, digri 90, iliyowekwa alama na rangi. Fundi akikuambia amefungua kichwa cha moteri yako na kukirudisha « na mkono wenye uzoefu », muulize alama za rangi ziko wapi.

Dereva wetu wa Noah alitia gujo mbili mpya. Jumapili iliyopita alikuja kwangu na mizani ya ndoano ya shemeji yake anayeuza nyama, tukafanya magurudumu yote manne pale uani. La mbele kulia lilikuwa bado na bulo za yule kijana. Moja ilikatika mikononi mwetu, mchana kweupe, mbele ya mlango, watoto wakitazama. Alicheka. Tulipomaliza, bibi yangu alikuja kuchukua bido yake, sababu maharagwe yalikuwa yanangoja maji.